Mawe ya Hyasinti

Mwalimu Emerensiana alipostaafu na kurudi kijijini kwao Ruanda, upande wa Songea, alichimba kisima nyuma ya shamba la kahawa. Maji yalikuwa maangavu, ila yana asidi: mabomba yalitoboka, na sinki likaota madoa ya kijani chini ya koki. Akamwita Hyasinti, fundi bomba mwenye sifa, naye akamfungia pipa la kupitishia maji na kulijaza mawe meupe.

"Hii ni chokaa, Mwalimu. Itamaliza asidi yote."

Emerensiana akalitunza pipa kama mgonjwa. Kila Jumamosi aligeuza maji yapande kutoka chini, yaoshe tope. Mwezi wa nne tangu pipa lifungwe, koki nazo zikaanza kuvuja. Alipolalamika, Hyasinti alimcheka mbele ya watu pale kwenye mashine ya kusaga: "Pipa halina kosa. Mwalimu ni mchafu, haoshi."

Mchafu? Yeye, aliyekagua kucha za watoto miaka thelathini na nne! Akafika nyumbani, akafungua pipa. Mawe ya chokaa huyeyuka kidogo kidogo, ndiyo maana huongezwa. Haya yalikuwa kima kilekile cha siku ya kwanza. Akayamwagia siki. Chokaa ingetoa povu. Haya yalilowa tu. Zilikuwa kokoto za mtoni.

Hakumwambia mtu. Alingoja wiki sita, mpaka mkutano wa kijiji ulipotaka kumpa Hyasinti kazi ya maji ya zahanati. Hapo akasimama na ndoo ya zile kokoto, kipande cha chokaa alichoagiza Songea, na chupa ya siki. Chokaa ikachemka povu. Kokoto kimya.

"Afukuzwe!" watu wakapiga kelele.

"Hapana," alisema Emerensiana. "Amefunga mapipa kumi na moja hapa. Ayafungue yote kwa mikono yake, mimi nikiwa nimesimama."

Wakazunguka nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni alimwamuru aeleze alichoweka. Nyumba ya saba, kwa mzee Isidori, Hyasinti alilia.

"Mama, nisamehe. Imetosha."

"Sema kwa sauti. Mzee hasikii vizuri."

Jioni Luisa, mdogo wake Emerensiana, akamwuliza, "Dada, huoni umezidisha?"

"Alipolia zilikuwa zimebaki nyumba nne," alijibu, "nikatamani zingekuwa arobaini."

Sasa pipa la Mwalimu lina chokaa halisi, na koki zake hazivuji. Hyasinti akipita huinama na kumpa shikamoo. Mpaka leo hajaitikiwa.