Nilivyoidanganya Ghorofa Nzima kwa Kababu za Mboga

Nichekeni kwanza mmalize, ndipo niseme. Mimi ni mama mzima, nashona sare za shule, naimba kwaya, na nimedanganya watu kwa sababu ya karoti.

Hapa mtaani Tassia, akina mama wa ghorofa yetu tuna mtindo wetu. Kila Jumamosi mmoja wetu analisha watoto wote chakula cha mchana ili wengine wapumue. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimechoka hoi, na mboga niliyokuwa nayo ni pakiti mbili za kababu kwenye friza. Zile ndogo za duara, za karoti, njegere na viazi, zimeganda kama mawe. Nikachukua mkasi, nikakata pakiti, nikazipanga kwenye kikaango na mafuta kidogo. Dakika kumi hazikuisha.

Wueh, watoto walikula. Nekesa wangu wa miaka sita amezizoea, lakini Shiru wa jirani, ambaye sukuma wiki huificha hata kwenye soksi, aliomba aongezwe mara tatu.

Mamake alipokuja kumchukua alibaki mlangoni mdomo wazi. "Mama Nekesa, hizi umezipika wewe?"

Hapo ningesema ukweli nikaenda zangu kulala. Lakini alikuwa akiniangalia kama mtu aliyeona malaika, na mimi sifa hunilevya haraka. "Ni za nyanya yangu mzaa mama," nikasema. "Siri ya kwetu."

Basi akaiomba hiyo siri. Mama Shiru ndiye rafiki yangu hapa, ndiye hunikalia na mtoto nikichelewa kazini. Na nesi wa kliniki alikuwa amemwambia kuwa Shiru lazima ale mboga. Niliona aibu kurudi nyuma, nikabuni palepale. Karoti zikunwe kwa upande wa matundu madogo kabisa wa kikwaruzo, njegere zitwangwe, ndizi mbivu moja, unga wa wimbi, kisha vyote vikamuliwe, vilale kwenye kitambaa mpaka asubuhi. Ndizi ilitoka wapi, hata mimi sijui.

Kumbe alienda kuzipika kweli. Wiki mbili nzima, kila tukikutana kwenye ngazi: "Mama Nekesa, zimekataa tena. Kwani huyo nyanya yako, shosho, alikuwa akiweka ndizi ngapi?" Nami bila haya namjibu, "Hukukamua vizuri." Vidole vyake vilijaa plasta. Nilikuwa naingia bafuni kucheka, aki ya Mungu. Pakiti zangu tupu nilizificha ndani ya mfuko wa unga na kuzipeleka takatakani mwenyewe.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akaniomba nije nifunze wenzangu baada ya ibada. Na mimi, kichwa kimevimba, nikakubali.

Jumapili hiyo nilisimama mbele ya meza na aproni yangu mpya, nikaanza kumenya karoti huku nikimsimulia nyanya kama mtu wa redio. Nekesa alikuwa mbele kabisa. Akachungulia mezani, akachungulia chini ya meza, akaniambia kwa ile sauti yake ya kuamsha wapangaji wa ploti nzima, "Mama, umesahau mkasi."

"Mkasi wa nini, mtoto wangu?" mwenyekiti akauliza.

"Wa kukata karatasi. Kababu hutoka kwa karatasi, kwa friji."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Hata mimi nilicheka, mbavu zikauma. Kisha nikamwona Mama Shiru. Yeye hakucheka. Alikuwa akiangalia vidole vyake. Alimshika Shiru mkono wakaondoka.

Siku tatu alinipita kwenye ngazi bila salamu. Ya nne nilishindwa, nikabisha mlango wake nikiwa na pakiti mbili na mkasi.

"Nimekukosea," nikamwambia.

"Wiki mbili nimekuwa nikilia jikoni," akasema polepole. "Nilidhani kila mama anaweza kulisha mtoto wake isipokuwa mimi."

Kile nilichokuwa nikichekea bafuni, mwenzangu alikuwa akikililia ukuta wa pili.

Nilimweleza yote, hata ya mfuko wa unga. Nikamwambia nimepita kliniki nikamuuliza yule nesi, na kumbe hapakuwa na aibu yoyote. Nesi alisema mboga ya friza bado ni mboga. Nisome pakiti nione chumvi si nyingi, nisiizamishe kwenye mafuta, na sukuma iendelee kuwekwa sahanini hata mtoto akinuna.

Mama Shiru alipokea zile pakiti, akaziweka kando. Kisha akatoa kikwaruzo, karoti, wimbi na ndizi mbivu moja. "Ingia," akasema. "Leo utanipikia zile za shosho."

Wenzangu, kama ni ya pakiti, sema ni ya pakiti. Usimfanye mwenzako ajione si mama kwa ajili ya sifa za Jumamosi moja. Nawaandikia haya nikiwa na plasta kwenye vidole viwili.

Nilizipika, na akanisimamia mikono kiunoni mpaka nizile. Ladha yake siwezi kuieleza. Nilipofika ya tano alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Zilikuwa zimepita siku nyingi sijasikia kicheko chake, kwa hivyo nikaomba ya sita.