Mkono uliobaki begani kwa mabukwe

Leo nimemkata kwa mkasi marehemu dada wa mama mkwe wangu.

Ngojeni nieleze.

Najifunza kutengeneza albamu ya kubandika: picha, vipande vya kitenge, maua makavu, gundi ya duka la hapa mtaani kwetu Kabeza. Mama mkwe, mabukwe kama tunavyomwita, alinipa picha zake za ujana wa Bujumbura. Moja ilikuwa na mwanamke pembeni, nusu ya uso wake gizani. Nikaona anaharibu ukurasa. Nikamkata.

Mabukwe akaleta chai, akaiinua ile picha.

"Mkono huu begani kwangu ni wa nani?"

Nikainama kuutazama. Akajijibu mwenyewe:

"Ni wa Gaudence, dada yangu mkubwa. Sina picha yake nyingine."

Nilipiga magoti, nikachakura vipande vya karatasi kwenye kikapu cha taka hadi nikampata, mzima, isipokuwa ule mkono.

Nikashika gundi nimrudishe pale alipokuwa. Mabukwe akanizuia. Akafunua ukurasa wa picha za wanangu, akamweka katikati yao.

"Alifariki kabla hawajazaliwa. Mwache asimame nao kidogo."

Mkono wake nimeuacha palepale, begani kwa mdogo wake.

Basi wenzangu mnaoanza, toeni kopi kwanza, mkasi baadaye.

Na mniambie, ninyi mngemsimamisha nani katikati ya watoto wenu?