Nilivyomwombea Akoth

Jumamosi nilimwakilisha Mama kwenye kikundi cha wamama cha kusoma vitabu, kanisani kwetu Kondele. Kitabu sikuwa nimekifungua, lakini mwenyekiti, Mama Atieno, aliponiuliza, nikasema nimemaliza. Sikutaka kumwaibisha Mama.

Wakaanza kuongea juu ya Akoth.

"Bwana amemwacha na mimba, na bado anamngojea!"

"Ningekuwa dadake, huyo bwana angenitambua!"

Nilimhurumia sana. Wakati wa maombi, mimi nisiyeongea mbele za watu nikamwombea Akoth kwa sauti, machozi yakinitoka. Sijawahi kuomba kwa moyo hivyo.

Nilipofumbua macho, hakuna aliyesema amina.

"Mtoto wangu," Mama Atieno akasema polepole, "Akoth ni yule wa kitabu ulichomaliza."