Chembe za Njano kwenye Sahani ya Fundi Kaimu

Jua limeshapanda juu ya mabanda ya Nachingwea, na Fundi Kaimu Mbaruku amechuchumaa nyuma ya lori, akiinamisha sahani nyeupe ya bati huku na huku. Ndani ya sahani mna oili nyeusi, bado ya moto. Dereva Filbert, ambaye kwa kawaida hana breki mdomoni, ameinama naye anatazama.

Kaimu anachovya sumaku aliyoitoa kwenye dainamo mbovu. Inatoka imevaa manyoya ya chuma, ya kijivu. Anaifuta kwa kitambaa, anachovya tena, kisha anamimina oili polepole na kutazama kinachobaki. Chini ya sahani zimebaki chembe ambazo sumaku imezikataa. Ni za njano.

"Zimeongezeka," anasema.

Lori hili linatakiwa Kilimarondo. Huko yuko Mwanaheri, binti wa pekee wa fundi huyu, mimba imeingia mwezi wa tisa. Mkunga wake, Bi Biasha, ametuma salamu kwamba mtoto amelala mkingamo tumboni na yeye hathubutu kumzalisha. Aletwe hospitali Nachingwea, na aletwe upesi.

Upesi, kwa sababu huu ni mwezi wa Desemba 1955 na mawingu yamekwisha kutanda. Mvua ikishuka, njia ya Kilimarondo huwa tope tupu, na tope halina huruma na mjamzito. Lori jingine hakuna. Tangu Mradi wa Karanga wa Waingereza ulipopunguza watu na mitambo, magari ya hapa yamebaki ya kuhesabika, na wiki hii yote yako Ruangwa yakibeba korosho.

Msomaji atauliza, basi si waondoke tu? Njia yenyewe ni pori la siku nzima. Mwaka jana lori lilikufa katikati yake, abiria wakalala juu ya magunia wakisikiliza simba chini. Wote walirudi salama, lakini hapakuwa na mwenye uchungu wa kuzaa miongoni mwao.

Injini ya lori hili la dizeli ilifumuliwa yote ikafungwa upya, na aliyeifunga ni Kaimu mwenyewe. Ujuzi wa kusoma oili aliupata kwenye karakana ya Mradi, alikoanza kwa kuosha vyuma na kuishia kufungua injini nzima. Mradi ulipomwachisha kazi alitoka na spana chache na macho yake.

"Injini mpya ni kama kiatu kipya, lazima ibane kwanza," anamweleza mwandishi wa habari hii. "Ringi zinajisugua kwenye silinda, chuma kinatoka. Hicho cha kijivu ni haki yake, na kila ukibadilisha oili kinapungua. Njano ni bushi, ile pete ya shaba inayobeba pini ya pistoni. Bushi haina haki ya kutoka."

Anadondosha tone kwenye karatasi ya kukaushia wino. Linatanuka taratibu, katikati jeusi, pembeni safi. Maji hayamo, dizeli haijavuja humo. Kwa hiyo lawama yote inabaki kwa zile chembe.

Hazikuanza leo. Lori liliporudi kutoka Ruangwa, safari ya majaribio, sahani ilionyesha chembe chache. Kaimu alijiambia ni mabaki ya tupa aliyotumia kulainishia bushi, akamwaga oili, akatia mpya, na lori likapelekwa Chiola na kurudi. Kama ni mabaki, mara ya pili yangepungua.

"Oili ya kwanza ni uvumi," anasema. "Ya pili ndiyo habari." Kisha anaongeza, bila kumtazama mtu: "Mara ya kwanza nilitaka yawe mabaki. Nilitaka sana."

Mwenye lori, Bwana Abdulatifu wa Nkowe, hataki kusikia. Ana mizigo inayomsubiri Kilimarondo, na hasira yake inasikika hadi barabarani.

"Gari limepanda vilima vya Ruangwa likiimba! Wewe unalitafutia ugonjwa."

"Linaimba, bwana. Litaimba mpaka vyuma vishikane."

"Na binti yako je? Mzazi gani huyu, mwanawe anangoja, yeye anachezea sahani?"

Hapo mwandishi anakiri kwamba alitamani kumziba mdomo tajiri yule. Fundi anaweka sahani chini.

"Ndiyo maana silitoi," anajibu. "Fungua boneti, Filbert."

Kutwa nzima wanafungua. Bushi tatu zinatoka laini. Ya nne imechubuka vibaya, na Kaimu anaigeuza mara moja tu, kosa analiona. Tundu la bushi halikuelekeana na njia ya oili. Oili ilikuwa ikifika mlangoni bila kuingia ndani.

"Nimeigonga mwenyewe, kwa mkono huu," anasema. Machozi yamemjaa machoni na hayafichi.

"Afadhali imesema hapa, fundi," Filbert anamwambia, "kuliko kusema porini."

Abdulatifu haombi radhi, si kawaida ya matajiri. Lakini ndiye anayekimbia kwa baiskeli kutafuta kipande cha shaba, na ndiye anayesimama kwenye karakana ya zamani ya Mradi mpaka bushi mpya inakerezwa. Wanapofunga boneti, manyunyu ya kwanza yanagonga bati.

Asubuhi lori linakwenda Chiola tena. Linaporudi, Kaimu anachuchumaa palepale. Safari hii mkewe, Bi Mwantumu, amesimama nyuma yake na kikapu chenye kanga na unga. Sumaku inatoka na kijivu kidogo. Oili inamiminwa. Sahani inainamishwa huku, inainamishwa huku, inarudiwa tena.

Chini ni nyeupe.

"Alhamdulillahi," anasema Bi Mwantumu, na kukipandisha kikapu kwenye lori.

Kaimu anaipangusa sumaku na kuitia mfukoni. Anapanda kwenye lori, kwa maana ndivyo alivyojiwekea: aliyefunga injini hupanda safari yake ya kwanza ya mbali. Mpango wake ni kufika Kilimarondo leo, kumwaga oili kidogo aisome tena, kisha kumlaza Mwanaheri kwenye magodoro mawili na kurudi kabla mvua haijakaza. Anataka mjukuu wake azaliwe penye daktari.

Kabla ya kuondoka anaipangusa sahani na kumpa mkewe dirishani.

"Ipeleke nyumbani. Mwanaheri akifika, umpikie uji wa uzazi umtilie humu."

Bi Mwantumu anairudisha palepale.

"Uji wa mwanangu kwenye sahani ya dizeli? Umelogwa? Nenda nayo, ukasome huko." Analishika dirisha, haliachii mpaka Filbert anatia gia. "Mimi uniletee mtu wangu tu."