Kocha Aliyekataa Kusema Ameacha Kazi

Mwaka 1998 ligi ndogo ya voliboli ya vyuo vya Durban ilivunjwa, timu zake zikaingizwa kwenye ligi kubwa ya jimbo. Ruphin Ilunga, mkimbizi kutoka Lubumbashi na kinyozi wa mtaa wa Point, alikuwa amewafundisha wasichana wa chuo kimoja tangu hawajui hata kupokea mpira, mpaka wakatwaa ubingwa.

Ofisa michezo wa chuo alimwita. "Ligi mpya inataka kocha mwenye jina, na tumeshampata. Waambie wasichana umeacha mwenyewe, wasivunjike moyo."

Ruphin aliinuka. Alitangulia uwanjani kwa hasira, ofisa na kocha mpya wakimfuata.

"Nimeambiwa niwadanganye," aliwaambia wasichana. "Miye sikuacha kazi. Wamenifukuza, na huyu bwana ndiye iko na kazi yangu sasa."

Ofisa alitazama chini. Nahodha Joyline, mwanafunzi kutoka Kenya, akaanza kufungua kamba za wavu. "Basi hatuchezi, kocha."

"Acha huo wavu," Ruphin alimkaripia. "Timu ni yenu. Mutacheza, tena mutashinda. Lakini mutu asiseme niliwatupa."

Walicheza, wakamaliza msimu wakiwa wa pili. Joyline alipokwenda kwenye duka lake la kunyolea kumwalika kwenye sherehe ya timu, Ruphin alimnunulia soda, akamwulizia kila mchezaji kwa jina. Chuoni hakukanyaga tena, na ofisa alipokuja siku moja kunyolewa, alimwonyesha mlango.