Povu la Kanisani Kianda

Aibu hii nimeibeba miezi saba, na leo naitua hapa mbele yenu, mcheke mkitaka, mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nikalia.

Niko na miaka hamsini na mbili na hedhi ilikoma kitambo (nimesema, kunjeni uso mkimaliza tuendelee). Nilipoteleza kwa ngazi huko Kabiro ninakofulia watu nguo, nikavunjika kifundo cha mkono, daktari aliniambia mwanamke akishafika hapo mifupa hupungua nguvu, nile omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za majani, niote jua, halafu akanipa tembe za kalsiamu, zile kubwa za kutia kwenye glasi ya maji zitokote povu mpaka ziyeyuke ndipo unywe. Kumeza alinikataza. Nilimsikia vizuri, sina kisingizio.

Sasa Jumapili moja nikatoka mbio kwenda kanisani bila kunywa dawa, na kutoa glasi mbele ya akina mama wenzangu wa kwaya sikutaka, wangeuliza ni ya nini, na mimi nilikuwa bado najifanya msichana. Nikajiambia tembe ni tembe, zote zinaingia tumbo moja. Wakati wa maombi, macho yote yamefungwa, nikaitupa mdomoni. Wacha! Mdomo ukaanza kuchemka, mashavu yakajaa, nikabana midomo, povu likatafuta njia puani, nikakohoa, likamwagika lote kwenye sare ya kwaya, nikaanguka magoti macho yamenitoka.

"Pepo! Pepo linatoka!" mtu akapiga kelele.

Kabla nipate pumzi pasta ameshanishika kichwa, ngoma zinalia, akina mama wanne wamenivuta mikono (ule uliovunjika ulikuwa umepona juzi tu, nikapiga yowe, wakaona ndiyo pepo linakataa kutoka). Tembe ilipoisha povu likaisha, na kanisa zima likashangilia.

"Mama Brian, unaskiaje sasa?" pasta akauliza.

Ningesema ukweli pale pale. Lakini nikajibu, "Naskia mwepesi, pasta. Hata uchungu wa mifupa umeenda."

Povu lilikuwa ajali, lakini huo uongo niliutunga mwenyewe, kwa sababu niliona afadhali kuitwa mwanamke aliyetolewa pepo kuliko mwanamke aliyezeeka. Wiki mbili nikatoa ushuhuda, nikapigiwa makofi, na nyumbani naendelea kunywa tembe zangu mlango umefungwa.

Halafu akaja Mama Ayuma, jirani yangu, tunalingana umri na tunaanika nguo kamba moja. Mgongo wake umeanza kupinda. Alikuwa amebeba mtungi wa maji wa lita ishirini, anacheka.

"Mama Brian, ushuhuda wako umenifungua macho. Zile dawa za mifupa nilipewa kliniki nimemwaga zote choo. Hata mimi Jumapili naombewa."

Nikamwambia, "Weka huo mtungi chini kwanza." Nikamweleza yote, tukiwa tumesimama hapo mlangoni, mpaka vile nilibana midomo. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwa hivyo wewe ulikuwa unakunywa dawa," akasema polepole, "na ukaniacha nimwage zangu?"

Jumatatu nilimsindikiza kliniki, tukakaa kwa benchi mpaka akapewa dawa zingine. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasema kila kitu, hata neno hedhi nikalitaja, pasta akatazama juu kwenye mabati ya paa na kwaya ikaanguka kwa kicheko. Kicheko hicho nilikistahili.

Wananiita Mama Povu siku hizi, na naitika. Lakini nimeapa, sitapokea tena makofi ya kupona kwa uongo, kwa sababu kuna mtu amekaa nyuma anaumwa kama mimi, na yeye ananiamini.