Mama Nafula aliagiza bale ya sweta, akaletewa majoho

Wakuu, niaje. Sogeeni karibu. Haya niliyaona nikiwa nimeshika mkokoteni kwa mikono yangu miwili, asiyeamini apite mtaa wa Tuwan aulize.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu niliona lori likielekea Lodwar nikataka kujua limebeba nini. Lilikuwa limebeba vitunguu. Tangu siku hiyo sijakaa mji mmoja mwaka mzima, na hapa Kitale nilipanga kukaa wiki mbili tu.

Sasa, pale Tuwan kuna mama anauza mitumba, anaitwa Mama Nafula. Mume wake ni soja, analinda geti Nairobi. Kwao ni Kabuchai, na shamba lao la miwa linasimamiwa na shemeji yake, Wafula.

Wafula hakupenda hii biashara hata kidogo. Kila akija mjini ni kelele.

"Shemeji, miwa inamezwa na majani na wewe uko hapa unakunja suruali za wazungu."

Siku moja mama akachoka, akamjibu mbele ya soko lote: "Nipe bale moja ya mwisho. Ikikataa, nafunga kibanda narudi kupalilia."

Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Akaweka pesa yote kwa bale moja, robota zima la sweta za kike. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Kitale ya mwezi wa saba mnaijua.

Mimi ndiye niliisukuma kutoka steji hadi kibandani.

Kama hujawahi kuona bale ikifunguliwa, umekosa sinema. Wateja wanajaa mapema wachague "kamera", yaani zile nguo safi kabisa, kabla mwingine hajagusa. Hiyo siku akina mama walikuwa wamebanana. Jirani yake, Mama Sara, akaomba maombi marefu hadi mimi nikafungua jicho moja.

Kamba zikakatwa.

Ikatoka joho. Jeusi, refu, mikono mipana ungeweza kuficha kuku wawili ndani. La pili, rangi ya damu ya mzee. La tatu, damu ya mzee tena. Bale nzima majoho!

"Mama Nafula," mmoja akaita, "umetuletea mahakama?"

"Nani ameshtakiwa sasa?" mwingine akadakia.

Walicheka bana, hata mimi nilicheka, halafu nikamwona mama ameketi juu ya ile karatasi ya bale na nikaacha. Akampigia simu aliyemuuzia.

"Madam, si umeshakata kamba? Bale ikikatwa ni yako."

Soko likatawanyika. Kabla ya jioni akatokea jamaa wa gereji, akasema atachukua yote kwa bei ya kutupa, ayakate vitambaa vya kupangusia mafuta. Angekuja Jumatatu asubuhi na pikapu. Mimi nikamwambia mama akubali. Ndiyo, mimi. Niliona heri kidogo kuliko sifuri, naye akakubali.

Ijumaa akapita mwalimu wa kwaya kutoka Kabuchai, kanisa la kwao mama kabisa. Alikuwa anatafuta viatu. Akaona majoho akasahau viatu. Akauliza bei ya yote, akashika kichwa. Akauliza bei ya sita.

"Na wengine wavae nini?" mama akauliza.

"Watasimama nyuma."

Mama akalikunja joho moja. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nakifikiria.

"Chukua yote. Mvae Jumapili, Jumatatu asubuhi mnirudishie yakiwa safi. Mtanilipa ya kuvaa tu. Lakini mwalimu, Wafula anaimba sauti ya nne hapo kwenu. Usimwambie ni yangu mpaka amalize kuimba."

Nikamvuta kando. "Mama, kitu kikiingia kanisani si hugeuka sadaka?"

"Basi Mungu atanilipa," akasema. Lakini hakucheka.

Jumatatu pikapu ya gereji ilifika chai ikiwa bado jikoni. Majoho hayapo. Yule jamaa akaanza kuangalia saa yake. Mama anakunja suruali ileile, anaikunjua, anaikunja. Hata mimi, mtu wa kwenda kila siku, sikuweza kuondoka hapo.

Mara boda mbili zikaingia. Ya nyuma imebeba mzigo. Ya mbele imembeba Wafula, joho la damu ya mzee mwilini, mikono inapepea kama bendera.

"Shemeji," mama akasema, "Jumapili iliisha jana."

"Baridi ya huko kwenu, bana." Akashuka polepole asilikanyage. "Kuna kwaya ya Tongaren ilikuwa mgeni wetu. Wanayataka Jumapili ijayo. Nimekubali."

"Umekubali kama nani?"

"Si ni mali ya familia?"

"Na miwa?"

"Miwa iko tu. Itaenda wapi?"

Jamaa wa gereji akawasha pikapu akaenda zake, bila hata kitambaa kimoja.

Siku hizi fundi amefupisha mengine, watoto wa nasari wanayavaa wakifuzu. Moja lilirudi na mchuzi wa kuku kifuani, na lingine halijarudi kabisa. Biashara ni hiyo. Sweta nazo mama ameagiza tena, kwa mtu mwingine, na Wafula ndiye anapokea oda za Kabuchai.

Nilichojifunza: mimi niliwaza ni nani atanunua mzigo, mama akawaza ni nani anauhitaji kwa siku moja tu. Ukiuza, kitu kimeenda. Ukikodisha, kinaenda kinarudi, kama mimi. Ingawa wiki zangu mbili ziliisha zamani na bado niko hapa nasukuma majoho.

Haya, nyinyi mna kitu gani kimelala nyumbani ambacho jirani anakihitaji siku moja kwa mwaka? Semeni hapa tusaidiane kufikiri.

Na kama uko kwaya ile ya Tongaren na una joho letu, mama hana kinyongo. Lirudishe tu.